Majeraha ya Michezo: Yanavyotokea, Yanavyozuilika na Wakati wa Kurudi Uwanjani

Ni Jumamosi alasiri, na uwanja wa shule umejaa watu. Winga wa timu ya kijiji anaruka kuwania mpira, anatua kwenye shimo lililoachwa na kwato za ng'ombe, na kifundo chake cha mguu kinapinduka. Wenzake wanambeba hadi pembeni. Mmoja anaanza kuukanda mguu, mwingine anaagiza maji ya moto, wa tatu anamuuliza kama anaweza kumalizia dakika kumi zilizobaki. Wote watatu wana nia njema. Hata hivyo, kila walichofanya kinaweza kugeuza jeraha la wiki mbili kuwa la miezi mitatu.

Michezo ina uzito wake katika Kaunti ya Bomet. Mercy Cherono, mzaliwa wa Sotik, alishinda fedha katika mbio za mita 5,000 kwenye Mashindano ya Dunia ya Moscow mwaka 2013, na mwaka uliofuata akatwaa dhahabu ya Jumuiya ya Madola mjini Glasgow. Nyuma ya jina kama hilo wapo vijana wengi wanaoamka alfajiri kukimbia kando ya mashamba ya chai, na wengine wanaocheza kandanda, voliboli, netiboli na raga wakitarajia nafasi ya shule, karo au ajira. Kwa kijana kama huyo, goti lililoharibika ni msimu uliopotea, na mara nyingine ni mlango uliofungwa kabisa.

Habari njema ni kwamba majeraha mengi ya michezo yana sababu zinazojulikana, na zinazojulikana huzuilika. Makala haya yanaeleza yale yanayotokea zaidi, huduma ya kwanza inayofaa, na swali ambalo wachezaji wengi hulijibu vibaya: ni lini mtu arudi uwanjani?

Aina mbili za majeraha

Majeraha ya michezo hugawanyika makundi mawili. La kwanza ni majeraha ya ghafla. Mchezaji anajua dakika na mahali alipoumia: aligongana na mwenzake, aliteleza, alitua vibaya. Hapa ndipo penye kuteguka, kuchanika kwa misuli, kuvunjika mifupa na kugongwa kichwa.

La pili ni majeraha ya polepole. Haya hayana siku ya kuzaliwa. Huanza kama maumivu madogo baada ya mazoezi, yakatulia usiku, yakarudi kesho yake mapema kidogo. Mwili hujirekebisha unapopumzika. Ukipewa kazi nyingi kuliko muda wa kujirekebisha, deni linaongezeka hadi siku moja linadaiwa lote. Wakimbiaji ndio huumia zaidi kwa njia hii, na kwa kuwa hakuna ajali iliyoonekana, wengi hudhani ni uchovu tu.

Kifundo cha mguu

Kuteguka kifundo cha mguu ni miongoni mwa majeraha yanayotokea mara nyingi zaidi katika michezo ya kukimbia na kuruka. Mguu hupinduka kuelekea ndani, na kano zinazoshikilia mifupa upande wa nje huvutika au kuchanika. Mahali huvimba, huuma na baada ya muda huweza kubadilika rangi.

Jambo ambalo halijulikani sana ni kwamba kifundo kilichoteguka mara moja kiko katika hatari kubwa ya kuteguka tena. Kano zina kazi mbili. Zinashikilia mifupa, na pia zinaupa ubongo habari za jinsi mguu ulivyokanyaga. Zikijeruhiwa, habari hizo huchelewa, na mguu hupinduka kabla misuli haijajikaza. Kwa sababu hiyo kupungua kwa uvimbe si ishara ya kutosha kwamba mguu umepona. Mchezaji anahitaji kuufundisha mguu upya. Zoezi lenyewe halina gharama: kusimama kwa mguu mmoja nusu dakika, mara kadhaa kwa siku, kwanza macho yakiwa wazi, kisha yakiwa yamefungwa.

Goti

Goti huumia kwa namna nyingi, lakini jeraha linaloogopwa zaidi na wachezaji wa kandanda, netiboli na raga ni kuchanika kwa kano ya katikati ya goti. Mara nyingi hakuna aliyemgusa mchezaji. Alikuwa anakimbia, akasimama ghafla au akageuka upande, au aliruka akatua goti likiwa limeingia ndani. Wengi husema walisikia kitu kikikatika, na goti likavimba saa chache baadaye. Wengine hutembea vizuri baada ya wiki mbili au tatu, wakarudi kucheza, na goti likawaachilia tena walipogeuka. Kila linapowaachilia hivyo huharibu sehemu nyingine za ndani.

Wasichana huchanika kano hii mara mbili au zaidi kuliko wavulana wanaocheza mchezo uleule. Sababu ni kadhaa, na mojawapo inaweza kubadilishwa: namna ya kutua. Msichana aliyefundishwa kutua kwa miguu miwili, magoti yakiwa yamekunjwa na yakielekea mbele sawa na vidole, hupunguza hatari hiyo kwa kiasi kikubwa. Kocha wa netiboli au voliboli anaweza kulifundisha hili kwa dakika tano katika kila zoezi, na hahitaji kifaa chochote.

Misuli ya nyuma ya paja

Mkimbiaji wa mbio fupi au mshambuliaji anayefukuzia mpira mrefu husimama ghafla akishika nyuma ya paja. Msuli umechanika. Hutokea zaidi kwa mchezaji ambaye hakupasha mwili joto, aliyechoka katika dakika za mwisho, au ambaye msuli huohuo uliwahi kuchanika zamani. Msuli unapopona hujiunga kwa kovu, na kovu lisilozoezwa ni gumu na dhaifu. Anayerudi mbioni kwa kasi kamili mara tu maumivu yanapoisha huchanika palepale, na safari ya pili huwa ndefu kuliko ya kwanza.

Ugoko na mifupa ya wakimbiaji

Kwa vijana wanaokimbia barabarani kila siku, maumivu ya ugoko ndiyo malalamiko ya kawaida. Yakiwa yameenea kwenye sehemu ndefu ya mfupa wa mbele ya mguu na yakapungua mwili unapopata joto, kwa kawaida ni dalili ya mazoezi yaliyoongezwa haraka mno. Kupunguza umbali kwa wiki mbili au tatu na kukimbia kwenye nyasi huwa kunatosha.

Maumivu yaliyo mahali pamoja, ambapo mtu anaweza kupaonyesha kwa ncha ya kidole, ni jambo tofauti. Yakizidi kadiri mtu anavyokimbia, na hatimaye yakawepo hata anapotembea au anapolala, huenda mfupa umeanza kupata ufa mdogo. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa methali hiyo ni kweli neno kwa neno. Ufa unaogunduliwa mapema hupona kwa wiki kadhaa za kupumzika. Ukipuuzwa, mfupa unaweza kuvunjika kabisa katikati ya mbio. Eksirei ya siku za mwanzo inaweza isiuonyeshe, kwa hiyo picha safi si ruhusa ya kuendelea kukimbia ikiwa mahali bado panauma.

Chakula kina sehemu yake hapa. Mkimbiaji anayefanya mazoezi mara mbili kwa siku na kula mara moja hujenga mwili kwa mkono mmoja na kuubomoa kwa mwingine. Kwa wasichana ipo ishara ambayo haifai kuonewa aibu: hedhi ikikoma kwa miezi mitatu au zaidi kwa sababu ya mazoezi makali na chakula kidogo, mifupa hupoteza nguvu. Si dalili ya kuwa ameiva kimazoezi, kama baadhi wanavyoamini. Ni sababu ya kumwona mhudumu wa afya. Maziwa, maharagwe, mayai, omena na mboga za kienyeji vinapatikana katika masoko mengi ya kaunti, na ni sehemu ya mazoezi sawa na viatu.

Kichwa

Mchezaji anayegongwa kichwa anaweza kupata mtikisiko wa ubongo hata kama hakuzimia. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, kuona ukungu, kuyumba, kujibu polepole, au kusahau matokeo ya mechi na timu wanayocheza nayo. Mtoto anaweza kuwa mkimya kuliko kawaida au kulia bila sababu.

Kanuni ni moja na haina majadiliano: penye shaka, mchezaji anatoka, na harudi siku hiyo, hata akisema yuko sawa. Ubongo uliotikiswa ukigongwa tena kabla haujapona unaweza kuvimba, na vijana wamewahi kupoteza maisha kwa njia hiyo katika nchi mbalimbali. Siku moja au mbili za kwanza ni za kupumzika. Mwanafunzi hurudi kwanza darasani, kisha kwenye mazoezi mepesi, na mwishowe kwenye mechi, kila hatua ikichukua angalau siku moja bila dalili kurudi, na kwa idhini ya mhudumu wa afya.

Mtu akitapika mara kwa mara, akizidi kusinzia, akipata degedege, mboni za macho zikitofautiana ukubwa, au mkono na mguu vikilegea, apelekwe hospitalini mara moja. Ikiwa shingo inauma au hasikii miguu, asiinuliwe wala kugeuzwa. Mechi isimamishwe, kichwa chake kishikiliwe kisisogee, na gari la wagonjwa liitwe.

Vidonda vya uwanjani

Viwanja vingi vya vijijini hutumiwa pia kama malisho. Udongo uliochanganyika na samadi huweza kubeba vijidudu vya pepopunda, na mchubuko mdogo wa goti ni mlango wa kutosha. Kidonda kioshwe kwa maji safi yanayotiririka na sabuni hadi mchanga wote utoke, kisha kifunikwe kwa kitambaa safi. Majivu, mafuta ya taa na majani yaliyotafunwa visitiwe. Kidonda kikiwa kirefu au kichafu, au mchezaji akiwa hakumbuki mara ya mwisho alipochanjwa, aende kituo cha afya siku hiyohiyo aulizie chanjo ya pepopunda.

Saa 48 za kwanza

Kifundo kinapoteguka au msuli unapochanika, mishipa midogo ya damu hukatika na damu huvuja ndani. Kazi ya huduma ya kwanza ni kupunguza uvujaji huo. Hatua zenyewe ni nne.

Kwanza, mchezaji aache kucheza na asiukanyagie mguu ulioumia. Pili, mahali pawekwe ubaridi kwa dakika 15 hadi 20, na hatua hiyo irudiwe kila baada ya saa mbili au tatu. Si kila nyumba ina barafu, lakini maji baridi ya chemchemi yaliyotiwa kwenye mfuko wa plastiki, au kitambaa kilicholoweshwa na kubadilishwa mara kwa mara, hufanya kazi hiyo. Barafu isiguse ngozi moja kwa moja, izungushiwe kitambaa. Tatu, mahali pafungwe bendeji ya kuvutika kwa wastani. Vidole vikifa ganzi, vikipoa au vikigeuka rangi, bendeji imekaza mno na ilegezwe. Nne, mguu uinuliwe juu ya mto au kiti, ukiwa juu kuliko moyo mtu akiwa amelala.

Katika siku hizo mbili hadi tatu yapo mambo manne ya kuepukwa: maji ya moto, pombe, kukimbia na kukandwa. Maji ya moto na pombe hupanua mishipa na kuongeza uvimbe. Kukanda kwa nguvu huchana zaidi kilichochanika, na kama chini yake kuna mfupa uliovunjika, madhara ni makubwa.

Jambo hili linagusa desturi ya siku nyingi. Familia nyingi huwaita wazee wanaojua kukanda na kufunga mifupa, na wazee hao wanaheshimiwa kwa haki. Linaloombwa ni mpangilio: mfupa upigwe picha kwanza, ijulikane kilichovunjika na kisichovunjika. Vipande vya mbao vilivyokazwa sana kwenye mkono au mguu uliovimba vinaweza kuzuia damu, na kiungo kikafa. Mtoto anahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa ncha za mifupa yake bado zinakua. Jeraha ambalo kwa mtu mzima lingekuwa la kuteguka, kwa mtoto linaweza kuwa la mfupa, na likiachwa, mguu mmoja unaweza kukua mfupi au ukapinda.

Dawa za kupunguza maumivu zina nafasi yake baada ya mchezo. Kumeza kidonge au kudungwa sindano ili mtu aweze kucheza ni kuzima kengele huku nyumba ikiendelea kuungua.

Dalili za kwenda hospitali bila kungoja

Mchezaji apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo ikiwa:

- hawezi kutembea hatua nne bila msaada;
- anaumia anapobonyezwa juu ya mfupa wenyewe;
- kiungo kimepinda au bega limechomoka (lisirudishwe uwanjani na mtu asiye na mafunzo);
- goti limevimba sana ndani ya saa chache, au limekwama na halinyooki;
- vidole vimekufa ganzi au vimepoa;
- aligongwa kichwa na ana dalili zilizotajwa hapo juu;
- alianguka akapoteza fahamu bila kugongwa na mtu. Huyu huenda ana tatizo la moyo. Asipopumua kawaida, kifua kibonyezwe kwa nguvu na kwa haraka bila kukoma hadi msaada ufike.

Zahanati na vituo vya afya ndio mlango wa kwanza. Hospitali za kaunti ndogo, kama zile za Sigor, Ndanai, Cheptalal na Kapkoros, hupokea wagonjwa kutoka maeneo yao, na Hospitali ya Rufaa ya Kaunti iliyoko Longisa hupokea wanaohitaji huduma zaidi. Hospitali ya misheni ya Tenwek pia ina madaktari wa upasuaji wa mifupa. Kwa dharura, nambari ya bure ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya ni 1199.

Mkazi ambaye hajajisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, anaweza kufanya hivyo kwa simu kupitia *147# au kwa msaada wa mhudumu wa afya wa jamii kijijini. Huduma za msingi katika zahanati na vituo vya afya vilivyo kwenye mpango huo hulipiwa na mfuko wa serikali kwa waliojisajili. Kwa matibabu ya hospitali, kama vile kulazwa au kupasuliwa, ni lazima mchango wa familia uwe umelipwa. Ajali ya uwanjani haitoi notisi, kwa hiyo usajili na mchango vitangulie msimu.

Lini kurudi uwanjani

Hapa ndipo wengi huharibikiwa. Maumivu huisha kabla ya jeraha kupona. Kocha ana fainali Jumapili, kijiji kinamngoja mshambuliaji wake, na mchezaji mwenyewe anaogopa kupoteza nafasi. Jibu linatolewa na hamu, mwili haukuulizwa.

Mfano wa subira uko karibu. David Rudisha, wa Kilgoris katika kaunti jirani ya Narok, aliweka rekodi ya dunia ya mita 800 kwa dakika 1:40.91 kwenye Olimpiki ya London mwaka 2012. Mwaka uliofuata goti likamsumbua. Akiwa bingwa mtetezi na mtu mwenye kasi kuliko wote duniani katika mbio hizo, aliyakosa Mashindano ya Dunia ya Moscow. Alirejea mwaka 2014 na kupata fedha katika Jumuiya ya Madola. Mwaka 2015 akashinda dhahabu ya dunia Beijing, na 2016 akatetea dhahabu yake ya Olimpiki mjini Rio. Fainali moja iliyokoswa haikumwondolea jina.

Mchezaji wa Bomet anaweza kujipima kwa maswali matano. Je, kiungo kinakunjika na kunyooka sawa na cha upande wa pili? Je, anaweza kusimama na kuruka kwa mguu ulioumia bila maumivu, sawa na ule mzima? Je, amekimbia moja kwa moja, polepole kisha kwa kasi, bila kuchechemea? Je, amekimbia kwa kugeuka na kusimama ghafla? Je, amemaliza mazoezi kamili na wenzake angalau mara mbili bila uvimbe kutokea usiku wake? Jibu la "hapana" kwa swali lolote linamrudisha hatua moja nyuma. Anayejibu "ndiyo" kwa yote yuko tayari kwa mechi, na bado ni busara aanze kwa nusu ya muda.

Kuzuia: kazi ya dakika ishirini

Kupasha mwili joto si kuzunguka uwanja mara moja na kuvuta miguu. Shirikisho la kandanda duniani, FIFA, lina mpangilio wa mazoezi ya karibu dakika 20 uitwao 11+, unaounganisha kukimbia taratibu, mazoezi ya nguvu, ya kujisawazisha na ya kutua. Ulijaribiwa Norway kwa wasichana 1,892 wa miaka 13 hadi 17, na matokeo yakachapishwa mwaka 2008: majeraha kwa jumla yalipungua kwa takriban theluthi, na yale mabaya kwa karibu nusu. Faida huonekana kwa timu zinazofanya mazoezi hayo angalau mara mbili kwa wiki. Kifaa kinachohitajika ni mpira tu.

Kwa wakimbiaji, kinga kubwa ni kutokuwa na haraka ya kuongeza umbali. Makocha wengi hufuata kanuni ya kutozidisha zaidi ya asilimia kumi kwa wiki, na kuweka siku nyepesi baada ya siku ngumu. Siku moja ya kupumzika katika wiki ni sehemu ya ratiba. Anayechuma chai au kulima mchana kutwa ahesabu kazi hiyo kama mazoezi, maana miguu na mgongo havitofautishi.

Mahali pa kukimbilia pana maana. Katika Konoin na Bomet ya Kati, mvua ya alasiri huacha barabara za udongo zikiteleza na mabonde yakiwa na mteremko mkali. Kukimbia kwa kasi kuteremka mlima hupiga magoti na misuli ya paja, hivyo mteremko ufanywe polepole. Katika sehemu za chini za Chepalungu, kama Chebunyo, ardhi hukauka na kuwa ngumu, na jua ni kali zaidi. Huko mazoezi yafae asubuhi au jioni, maji ya kunywa yawepo, na nyasi zitafutwe. Viatu vya kukimbilia ambavyo soli imelika upande mmoja vibadilishwe, na njumu ziwe za saizi ya mguu. Mchezaji wa kandanda avae vikinga ugoko hata kwenye mechi ya kirafiki.

Uwanja wenyewe ukaguliwe kabla ya kila mechi. Watu wanne wakitembea kwa mstari kutoka goli hadi goli wataona mashimo, mawe na vioo kwa dakika kumi. Magoli ya kuhamishwa yafungwe ardhini, kwa kuwa goli la chuma likimwangukia mtoto linaweza kumuua. Radi nayo isidharauliwe katika ukanda huu wa chai. Ngurumo ikisikika, mechi isimame, watu waondoke uwanjani na wasijikinge chini ya miti, na mchezo usirudi hadi dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho.

Kila mtu na sehemu yake

Katiba ya 2010 iliziweka afya na michezo ya mashinani mikononi mwa serikali za kaunti, lakini jeraha hutokea mbele ya watu walio karibu. Mwalimu wa michezo anaweza kuhakikisha kisanduku cha huduma ya kwanza hakikosi bendeji, pamba, glavu na sabuni, na kwamba nambari ya gari la wagonjwa imeandikwa juu yake. Mwandalizi wa kombe la kijiji anaweza kutenga sehemu ndogo ya fedha za zawadi kwa ajili hiyo. Refa ana mamlaka ya kumtoa aliyegongwa kichwa. Mzazi anaweza kumuuliza mtoto swali jingine zaidi ya "mmeshinda?"

Na yule winga wa Jumamosi, mguu wake ukiwa umeinuliwa na kitambaa baridi juu ya kifundo, anaweza kuwatazama wenzake wakimalizia dakika kumi bila yeye. Wiki chache baadaye, akiwa amejibu "ndiyo" mara tano, atarudi na miguu yake miwili.